Bi Testa na Breki za Mkwewe

Bi Testa ana ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, na kwa miaka minne mkwewe hakuwahi kumwona nayo.

Mtaa mzima umeizoea ovaroli hiyo. Kwenye mfuko wa kifuani hukaa koleo ndogo, kwenye mfuko wa pajani hukaa tepu nyeusi, na shingoni, mahali wenzake wanapovaa mkufu, huning'inia testa ya kupimia umeme: balbu ya taa ya breki iliyofungwa nyaya mbili, mmoja umeishia kwenye msumari na mwingine kwenye kibano. Balbu hiyo ndiyo iliyompa jina. Lakini mkwe akipiga simu tu kusema yuko njiani, basi! Ovaroli inavuliwa mbio mbio na kutundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, mikono inasuguliwa kwa sabuni ya unga mpaka inawasha, na Bi Testa anatoka na gauni la maua na mtandio begani, mpole kweli kweli, kama mtu ambaye hajawahi kugusa betri tangu azaliwe.

Jirani yake mchomeleaji, anayeitwa Cheche kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake, hucheka mpaka anashika mbavu. "Leo umekuwa bibi harusi tena, dada?"

"Nyamaza wewe. Mkwe ni mkwe."

Si kwamba mkwe hakujua kazi ya mama mkwe wake. Alijua vizuri. Alimwoa binti wa fundi umeme wa magari, na sifa za fundi huyo alizisikia kabla hajamjua binti mwenyewe. Ila kujua ni jambo moja, na kumwona mama mkwe wako amelala chali chini ya lori huku miguu iko nje ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo wote wawili walikubaliana bila kusema neno. Yeye hakuuliza habari za gereji, na mama hakutaja. Waliulizana hali, wakazungumzia mvua, wakanywa chai. Miaka minne ya mvua na chai.

Haya, kazi yenyewe aliipataje? Hapo ndipo watu hudhani ninatia chumvi. Alipokuwa msichana aliajiriwa kufagia na kupika chai kwenye gereji ya fundi mmoja aliyekuwa bingwa wa umeme, isipokuwa tumbo lake lilikuwa limekua kuliko nafasi iliyopo kati ya kiti na usukani. Wote walimwita Tumbo, mbele yake na nyuma yake. Siku moja lilikuja gari dogo, Tumbo akajaribu kuingia kwa kichwa, akajaribu kwa miguu, akatoka akihema.

"Wewe binti, weka hilo birika chini. Ingia humo uniambie unaona nini."

"Naona nyaya."

"Nyaya! Hata mbuzi angeona nyaya. Shika mmoja, useme."

Basi ikawa hivyo kwa miaka saba. Mzee ameketi nje juu ya tairi na kikombe chake, binti yuko ndani gizani, na kila waya anaougusa anausema kwa sauti. Tumbo alimfundisha kuuliza kila waya maswali matatu: unatoka wapi, unaenda wapi, na unarudi kwa njia gani. Hilo la tatu alilidai kwa kugonga mlango wa gari kwa spana. Alisema mafundi wengi wanafukuzana na umeme unaokwenda, halafu wanausahau unaporudi kwenye betri, na usiporudi, mjomba, hakuna kitu kinachowaka. Alipoacha kazi alimvua binti aproni ya jikoni, akamvisha testa yake mwenyewe shingoni. Hakuhutubia wala nini. Alisema tu, "Na chai sasa watafute mtu mwingine."

Tangu hapo mwanamke huyu amefanya mambo. Kuna gari lililokuwa likizima taa kila mvua inaponyesha, na mafundi watatu walikuwa wamekwisha kubadilisha betri tatu. Bi Testa aliingia ndani, akafunga vioo, akamwagiza mwenye gari apande juu ya paa na ndoo za maji amwage taratibu, huku yeye ameketi kimya na testa mkononi. Ndoo ya tano akagonga kioo: "Shuka, nimempata." Ni waya mmoja tu uliokuwa umechunwa na skrubu ya zulia. Alifiwa na mume binti yake akiwa na miaka sita, na kwa kazi hiyo hiyo akamlea, akamsomesha, akamwoza. Sijui fundi mwingine anayenyoosha waya kwa upole kama yeye. Na bado anazungumza anapofanya kazi. Mteja asiyemjua hudhani anaombea gari.

Sasa siku yenyewe. Binti na mumewe walikuwa wanahama. Mkwe ni mtu wa mashine za kusaga nafaka, amepata eneo zuri huko chini bondeni, na njia ya kwenda huko ni mteremko wa kona kumi na saba, mlima upande mmoja na shimo upande mwingine. Walifika saa nne asubuhi kuaga, kisha waendelee na safari. Mbele pikapu nyeupe, nyuma trela alilonunua kwa mtu, na juu ya trela mashine ya kusaga, injini yake, mawe yake na magunia ya vyombo, vyote vimekazwa kwa kamba kwa ustadi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmeamkaje?"

Gauni la maua, mtandio begani. Mjukuu wa miaka miwili alimrukia bibi yake, akakaa mapajani, na baada ya maandazi mawili akalala hapo hapo kwa kinywa wazi. Wakazungumzia mvua.

Binti ndiye aliyevuruga utaratibu. "Mama, mwenzangu amefunga kile kisanduku cha breki za trela. Mwenyewe, kwa mkono wake! Siku mbili hakula vizuri."

Mkwe aliinama, akatabasamu kwenye kikombe. "Nimefuata karatasi tu, mama."

Kwa asiyejua: trela zito lenye breki zake za umeme linahitaji kisanduku kidogo karibu na usukani. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kinapeleka umeme nyuma na magurudumu ya trela yanashika pamoja na ya gari. Yasiposhika, trela linaisukuma pikapu kwa uzito wake wote. Kwenye barabara tambarare utaogopa na utapona. Kwenye mteremko wa kona kumi na saba, hapana. Bi Testa aliwahi kuletewa pikapu iliyosukumwa hivyo, aokoe redio na betri. Hakuna kingine kilichokuwa cha kuokolewa, na tangu siku hiyo hapendi kuisimulia.

Akawa na hamu ya kwenda kuchungulia. Hamu ile ya mtu mwenye kidonda kinachowasha! Lakini angeendaje? Akifungua kazi ya mkwewe mbele ya mkewe ni kama kumwambia, kijana, wewe huwezi. Na mkwe naye, siku zote mbili alizohangaika na nyaya, alikuwa na fundi bora wa mji mzima ndani ya ukoo, akashindwa kumpigia simu. Angesema nini? Mama, njoo ulale chini ya usukani wangu? Angekufa kwa aibu kwanza. Yaani walistahiana mpaka breki zikafungwa gizani.

Basi akauliza kwa adabu, kama anayeuliza habari za shamba. "Hongera, mwanangu. Na huo umeme unatoka wapi?"

"Kwenye betri, mama, kwa waya mweusi. Nimeweka na fyuzi."

"Vizuri sana. Unaenda wapi?"

"Unapita kwenye kisanduku. Nikikanyaga pedeli, waya mwekundu unakiambia, kisha waya wa buluu unapeleka nyuma."

Bi Testa alianza kufurahi. Kijana alikuwa anasema kila waya kama aliyefundishwa na Tumbo. "Na ukishafika nyuma, unarudi kwa njia gani?"

"Kwa chuma, mama. Ile pini ya kurudishia umeme kwenye plagi ya trela imeoza, ila nilipojaribu taa zikawaka, breki zikashika. Trela si limeshikana na gari kwa chuma? Unarudi humo humo."

Kikombe cha Bi Testa kilisimama hewani. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, jasho dogo kwenye paji la uso, mkono mmoja umeshika pindo la mtandio. Baada ya saa mbili mtoto huyu angekuwa kwenye kona ya kwanza.

Trela hushikana na gari mahali pamoja tu, kwenye tufe la chuma lililo nyuma ya pikapu, na tufe hilo kila dereva mwangalifu hulipaka grisi. Mkwe alikuwa mwangalifu, kwa hiyo alilipaka nyingi. Trela likiwa limesimama uani, uzito umelala juu ya tufe, umeme utapenya na kila kitu kitawaka vizuri. Likianza kuruka kwenye mashimo, chuma kinaachia, kinashika, kinaachia. Huna breki, unazo, huna.

"Mama?" binti akauliza. "Mbona umenyamaza?"

"Chai imenipalia."

Alimlaza mtoto kwenye kochi, akaingia jikoni, akasimama akiuangalia mlango. Nyuma ya mlango huo ovaroli ilikuwa imetundikwa. Nakwambia ukweli, mwanamke huyu hajawahi kuogopa gari lolote, lakini msumari ule wenye ovaroli aliuogopa. Akijitokeza nayo, atakuwa amemvunjia kijana heshima, na yeye mwenyewe amejivunjia. Asipojitokeza, atawapungia mkono getini na kurudi ndani kusubiri simu. Akafikiria kumtuma Cheche aende aseme yeye. Akamfikiria Cheche na mdomo wake, akaachana na wazo hilo. Akavua gauni.

Alipotoka, mkwe alikuwa amesimama uani akikagua kamba. Alimwona, akashtuka, akatazama chini haraka, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Mwanangu," Bi Testa akasema, "leo unisamehe. Mama mkwe wako ameingia ndani kupumzika. Huyu aliyetoka ni fundi."

Mkwe alikaza fundo la kamba. Akasema, "Sawa, mama."

"Fundi."

Hilo lilimshinda. Akaitikia kwa kichwa.

"Weka jeki chini ya gurudumu la trela. Na wewe," akamwambia binti, "panda, washa gari, ukae kwenye pedeli."

Gurudumu likainuliwa. Bi Testa akalizungusha kwa mkono, binti akakanyaga, likashika pale pale. Mkwe akapumua. Uso wake ulisema, si unaona? Bi Testa alimwita Cheche, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona mambo na akanyamaza, akamwambia aweke jeki ya pili chini ya shingo ya trela na ainue kidogo tu, kiasi cha kishimo cha barabarani, uzito utoke kwenye tufe.

"Mwanangu, zungusha wewe. Usiambiwe na mtu."

Mkwe akalizungusha. Binti akakanyaga. Gurudumu likaendelea kuzunguka, likapunguza mwendo kwa uvivu, likazunguka tena. Kwenye kisanduku kile taa ndogo ikawa inapepesa. Mkwe alilishika gurudumu kwa mikono miwili mpaka likasimama, na hakuyaondoa macho kwenye tairi lile. Kisha akageuka kumtazama mkewe aliyekuwa nyuma ya usukani, akatazama na dirisha la sebule ambako mtoto alikuwa amelala.

"Ningewaua," akasema taratibu.

"Hukuua mtu. Umekuja kuaga, umekunywa chai, umejibu swali." Bi Testa aliinama karibu yake. "Na nikwambie, kazi yako ni safi. Tepu umefunga kunishinda mimi. Umekosea swali moja, na swali hilo linawakosesha wenye vyeti. Sasa tuache kulia, tufanye kazi."

Wakafanya. Bi Testa aliikata plagi iliyooza, akaweka nyingine aliyokuwa nayo kabatini, akavuta waya mweupe mnene kutoka kila breki ya trela hadi kwenye pini mpya, na kutoka hapo chini kwa chini hadi kwenye betri yenyewe. Kila kiungo alikikwangua kwa msasa, akakichomea kwa risasi ya kuyeyusha, kisha akakivuta kwa nguvu zake zote huku amekanyaga bampa. Hiyo ni desturi yake. Kama kitakatika, kikatike mbele yake, akitukane mwenyewe.

Ukabaki waya mweupe wa kisanduku, ambao mkwe alikuwa ameufunga kwenye bolti yenye rangi chini ya dashibodi. Huo pia haukufaa, rangi inazuia umeme. Na hapo hapakuwa na ujanja. Bi Testa aliingia kwa kichwa, mgongo juu ya sakafu ya gari, kichwa kati ya pedeli, miguu yote miwili nje mlangoni. Ndara moja ikadondoka.

"Nimulikie."

Giza halikuondoka.

"Nimulikie, mwanangu!"

Binti aliyekuwa amesogea kiti cha pili aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mumewe alikuwa amesimama nje na tochi mkononi, amegeukia ukuta wa choo, akiumulika kwa bidii.

"Mama," binti akasema, "anaumulika ukuta."

"Mwambie ukuta hauna umeme."

Cheche alikwenda kucheka nyuma ya nyumba, na kicheko chake kikasikika mpaka barabarani. Mkwe naye alicheka, hakutaka, ila kilimtoka. Akaiokota ndara, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaiweka vizuri pembeni. Kisha akapiga magoti kwenye mlango wa gari, akaingiza kichwa na tochi, na kwa nusu saa vichwa viwili vilikuwa chini ya dashibodi ile, kimoja kinasema waya na kingine kinaitikia.

Walipomaliza, shingo ya trela ikainuliwa tena kwa jeki, juu zaidi kuliko mara ya kwanza, mpaka tufe likawa linacheza. Mkwe akazungusha gurudumu kwa nguvu. Binti akagusa pedeli tu. Likaganda.

"Tena."

Likaganda.

"Upande wa pili."

Likaganda. Walijaribu mara kumi na saba, hesabu ya kona zile, na ni mkwe aliyetaka zifike. Bi Testa akasimama mbele yake akifuta mikono kwenye ovaroli. "Haya. Unatoka wapi?"

"Kwenye betri, kwa mweusi."

"Unaenda wapi?"

"Breki za trela, kwa wa buluu."

"Unarudi kwa njia gani?"

"Kwa waya wake mwenyewe, mweupe, mpaka kwenye betri. Hautegemei tufe."

"Nendeni."

Aliwapungia mkono getini akiwa na ovaroli, hakukumbuka hata kuivua. Kisha alirudi kwenye gereji akachukua dinamo ya mtu, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Simu aliiweka juu ya benchi, sauti imepandishwa mwisho. Cheche alipita mara tatu kuuliza saa, wakati saa yake ilikuwa mkononi. Mara ya tatu hakutaja saa. Alivuta tairi, akakaa.

Simu ililia saa kumi na moja kasoro. Bi Testa aliidaka kabla haijalia mara ya pili. Alisikia injini imezimwa, na mtoto anaomba maji.

"Haloo, fundi?" Ilikuwa sauti ya mkwe.

Fundi! Alikaa chini. "Ee. Sema."

"Tuko bondeni. Kona ya tisa kulikuwa na lori limeharibika katikati ya njia, hatukuliona mpaka tulipolikaribia, na pale barabara ni mashimo matupu. Nilikanyaga. Trela lilikuwa linaruka, nalisikia linaruka, na bado lilishika. Tulisimama, fundi. Tulisimama hatua tatu kabla ya lori." Akavuta pumzi. "Nilitaka nikushukuru wewe kwanza."

Bi Testa alifumba macho. Machozi yalimtoka, akayaacha. "Umekanyaga vizuri," akasema. "Kesho ukague vile viungo, uvute kila kimoja."

"Nitavuta. Sasa naomba uniitie mama, kama ameamka."

Cheche alifungua mdomo, akaonyeshwa spana, akaufunga. Bi Testa alikwenda jikoni na simu mkononi, akautoa mtandio kwenye msumari, akaujifunika juu ya ovaroli, akajifuta uso kwa pindo lake. Ndipo akaiweka simu sikioni tena.

"Naam, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Tumefika."

"Marahaba," akasema. "Huko kwenu mvua imenyesha?"